Nani Alimzika Rozalia?

"Huyo aliyeingia ni nani?" aliuliza mama mkwe.

Jeska alikuwa amekaa sakafuni, pini tatu mdomoni, anapima pindo la sketi ya shule. Akainua kichwa akatazama runinga. "Ni Pendo, mama. Yule nesi."

"Mbona wamemwita Rozalia?"

"Dijei amekosea tu."

"Rozalia alikufa."

"Najua alikufa, mama."

"Sasa marehemu anaingiaje wodini kuuliza hali ya mgonjwa?"

Jeska alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa asije akazimeza kwa hasira. "Mama, mimi namwona. Ni Pendo. Mfupi, mnene, ana kofia nyeupe. Rozalia alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme."

Kikongwe aligeuza uso kuelekea kwenye spika, si kwa Jeska. "Mimi nimesikia Rozalia," alisema, na mchana ule ukaharibika.

Bibi Anastazia alikuwa na miaka sabini na minne. Presha ya macho ilimchukua jicho la kushoto akiwa bado kwake Mugeta, na la kulia likafuata baada ya mwanawe Magige kumhamishia Bunda mjini. Magige alikuwa fundi mitambo kwenye jineri ya pamba. Alitoka asubuhi, akarudi jioni na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, akamsalimu mama yake, akala, akasinzia. Kwa hiyo kutwa nzima nyumba ilikuwa ya wanawake wawili: mmoja anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, mwingine amekaa kwenye kiti chake cha kamba anasikiliza. Na alichokisikiliza kila siku baada ya chakula cha mchana, umeme ukiwepo, ni Damu ya Jirani.

Hiyo ilikuwa tamthilia ya Kituruki, ndefu kiasi kwamba Sara, binti wa Jeska na Magige, alikuwa darasa la sita ilipoanza, na sasa alikuwa bweni, kidato cha pili. Ilikuja kwenye flashi, ikiwa imetafsiriwa. Mtafsiri alijiita Dijei Kapteni, na sauti yake moja ndiyo iliyokuwa sauti ya watu wote: wazee, mabinti, polisi, mpaka mbwa. Majina ya Kituruki aliyatupa siku ya kwanza, akawapa watu majina yanayoshikika. Tajiri mwenye viwanda akawa Mzee Kisiri. Wanawe wakawa Makuru na Rozalia. Mlinzi wa getini akawa Kichwa Ngumu.

Jeska na mumewe, wenye macho, hawakuyahitaji sana majina hayo, sura ilitosha. Bibi hakuwa na sura hata moja. Kwake jina ndilo lilikuwa uso wa mtu, na kimo chake, na mwendo wake. Aliwashika wote kama alivyowahi kuwashika ng'ombe wa baba yake, kila mmoja na mama yake na bibi yake, na angeweza kukutajia nani alimwibia nani hati ya kiwanja sizoni ya kwanza. Rozalia alipokufa maji mwishoni mwa sizoni ya pili, Dijei Kapteni alitoa hotuba ya mazishi iliyomfanya bibi asusie ugali. "Rozalia mwanangu," ile sauti ilisema, "umeondoka bila hata kuwaaga kuku wako." Bibi alilia mpaka Magige, aliyekuwa anaingia kutoka kazini, akauliza msiba ni wa nani.

Kisha ikaja sizoni ya nne, na Kapteni akaanza kuvurunda. Mzee Kisiri akaitwa Makuru, baba akawa mtoto. Kichwa Ngumu, aliyefukuzwa kazi zamani, akasikika anafungua geti. Sasa Rozalia naye akafufuka na kuwa nesi.

Mambo hayo yangekuwa ya kuchekesha kama yangebaki ndani ya runinga. Hayakubaki. Sauti ilisema hivi, mkwe akasema vile, na bibi, aliyekuwa hana shahidi wa tatu, akaamua kuiamini sauti. Na ukishaamua kwamba mtu anakudanganya kuhusu Rozalia, kwa nini asikudanganye kuhusu mengine?

"Huyu samaki ni nani?" aliuliza Jumatatu.

"Sato, mama."

"Ananukia ningu."

"Ni sato. Nimemkaanga mwenyewe."

"Sawa. Wewe ndiye unayeona."

Jumatano akamwita jirani, Mama Nyangi, ukutani, akamwomba aingie kidogo. Alitoa kwenye mkoba wake kitenge alichopewa na Jeska Krismasi. "Nisomee rangi ya kitu hiki," akasema. Mama Nyangi, kwa aibu, akatazama kitenge, akamtazama Jeska, akasema ni cha bluu chenye maua ya njano. "Eee," bibi alisema, akakikunja. "Ndivyo nilivyoambiwaga."

Jeska aliingia jikoni akakata vitunguu vingi kuliko mboga ilivyohitaji. Miaka minane amemwogesha mama huyu, amemkata kucha, amempeleka kliniki ya macho Mwanza na kurudi. Leo anapimwa kwa kitenge! Na yote kwa sababu mtu mmoja asiyemjua, aliyekaa mahali asipopajua, ameshindwa kukumbuka jina la nesi.

Kesho yake alifunika cherehani, akaenda mtaa wa Kabasa.

Benjamini alikuwa na kibanda cha kuingiza muvi kwenye flashi. Kijana mpole, kompyuta mbili, feni moja, na benchi la wateja nje. Jeska aliweka flashi mezani kwa kishindo.

"Benjamini, huyu Kapteni wenu ana akili timamu?"

"Amefanyaje tena, Mama Sara?"

"Sizoni ya nne, sehemu ya saba, amemwita Pendo Rozalia. Sehemu ya sita amemwita baba kwa jina la mwanawe. Rozalia alikufa sehemu ya thelathini na nane ya sizoni ya pili, na alizikwa!"

Benjamini alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya ghafla. "Mama Sara, sizoni ya nne imeanza kutoka miezi miwili iliyopita. Hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kulalamika."

"Kwa sababu hawasikilizi."

"Kwa sababu wanaangalia. Picha inajieleza. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Na asiyekuwa nayo?"

Mteja mmoja kwenye benchi, mwendesha bodaboda aitwaye Stanslaus, akadakia. "Shemeji, hizo ni muvi. Mimi hata ukinichanganyia sizoni ya nne na ya kwanza naangalia tu, mradi ngumi zipo."

"Wewe ndiye unayewaharibu," Jeska alimgeukia. "Mtu akijua utakula chochote, atakupikia chochote."

Stanslaus alicheka. Benjamini hakucheka, alikuwa mtu wa biashara na aliona mteja anaondoka. Akaandika kwenye kipande cha boksi: Florian, Nyasho, Musoma, nyuma ya fundi wa kuchomelea mageti. "Ndiye Kapteni mwenyewe. Simu hapokeagi akiwa anarekodi. Ukimkuta, mwambie na mimi namsalimia."

Jumamosi Jeska alikuwa na safari ya Musoma ya kununua kitambaa cha sare. Alimwachia Mama Nyangi nyumba na mama, akapanda basi la saa moja asubuhi. Kwenye mkoba aliweka daftari. Ndani yake, kwa siku mbili, alikuwa ameandika watu wote wa Damu ya Jirani, kila mtu na ukoo wake, kama bibi alivyowataja. Hakumwambia bibi ni la nini. Bibi alidhani ni mtihani na alifaulu wote.

Kiabakari ikapita, Makutano ikapita. Musoma alinunua kitambaa haraka haraka, akaenda Nyasho, akampata fundi wa mageti amevaa miwani myeusi, cheche zinaruka.

"Namtafuta Florian. Dijei."

"Amehama."

"Amehamia wapi?"

"Kwao, Butiama. Alisema mimi napiga kelele, muvi zake zote zilikuwa zinasikika kama vita." Fundi alisema hivyo bila kinyongo, akashusha tena miwani.

Jeska alisimama pale na furushi la kitambaa kichwani. Butiama! Angeshukia Kiabakari asubuhi angekuwa amefika, amegomba, na amerudi. Alitamani kumpigia mtu kelele, lakini fundi alikuwa ameshamzidi kwa kelele. Akarudi stendi, akapanda gari la Butiama, na njia nzima alikuwa anapanga maneno yake kama mtu anayekwenda baraza la kata.

Haikuwa kazi kumpata. Mtoto wa kwanza aliyeulizwa alionyesha nyumba yenye mabati mapya, dirisha moja limezibwa kwa blanketi. Aliyefungua mlango alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limechomekewa, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Jeska alikuwa ametegemea jitu. Lakini aliposema "Karibu, dada," ilikuwa sauti ya Mzee Kisiri, na ya Makuru, na ya mbwa, na Jeska, pamoja na hasira zake zote, alijikuta ameinama kidogo kwa heshima.

"Umetoka Bunda kote huko?" Florian alifurahi. "Wewe ni shabiki!"

"Mimi ni mlalamikaji."

Alimkaribisha ndani. Magodoro mawili yalikuwa yamesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, na kipaza sauti kimevishwa soksi nyeusi. Jeska alikataa chai, kisha akaikubali kwa sababu alikuwa hajala kitu. Akafungua daftari, akamsomea kosa moja baada ya jingine, sizoni na sehemu. Florian alisikiliza kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Aliwahi kufundisha shule ya msingi kwa mkataba wa muda kabla ya kuanza kazi hii, na tabia ya kuheshimu daftari ilikuwa haijamtoka.

"Haya yote ni kweli," alisema mwishoni. "Lakini dada yangu, mimi nafanya muvi nne kwa wiki. Za Kikorea, za Kihindi, za Kichina. Nikianza kukumbuka kila jina nitakula nini? Watu wanatakaga kicheko, wanatakaga ugomvi. Hilo la nani ni nani wanajionea."

"Hata Kituruki chenyewe kinakuambia majina. Si unasikia wanaitana?"

Florian aliangalia chai yake. "Kituruki sijui."

"Hujui vizuri?"

"Sijui hata kusalimia."

Jeska aliweka kikombe chini. "Sasa unatafsiri nini?"

"Sizoni ya kwanza ilikujaga na maandishi ya Kiingereza kwa chini. Nikawa naokoteza. Kuanzia sizoni ya pili mzigo unakuja bila maandishi. Naangalia nyuso. Mtu akikunja uso nasema amekasirika, akitoa karatasi nasema ni mkataba. Mara nyingi huwaga napatia."

"Mara nyingi!"

"Mara nyingi, dada."

Jeska alijikuta anacheka kicheko kisicho na furaha hata tone. Miaka mitatu mama yake mkwe amekesha na ukoo wa Mzee Kisiri kichwani, anaupanga, anaupangua, anaugombania, na ukoo wenyewe umetungwa na mtu wa Butiama anayesoma mikunjo ya paji la uso. Ndipo akamweleza. Hakuwa amepanga kusema mambo ya nyumbani, lakini yalitoka: macho, sato na ningu, kitenge cha bluu. "Wenzako wanajionea," alisema. "Yeye hana pa kujionea. Ana wewe tu. Ukimwita Pendo Rozalia, mimi nageuka mwongo nyumbani kwangu."

Florian alivuta kiti cha pili mbele ya kompyuta. "Kaa hapa. Leo narekodi sehemu ya kumi na mbili. Shika daftari. Nikikosea jina nipige bega."

Wakaanza, kwanza kwa kutazama tu bila kurekodi. Mzee Kisiri yuko mezani. Makuru anaingia. Pendo anamimina chai. "Pendo," Jeska alisema. "Pendo," Florian aliitikia, akaandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko Jeska alivyotarajia. Kisha mlango wa ile nyumba ya kitajiri ukafunguliwa, akaingia mwanamke mrefu, amekonda, koti limelowa mvua. Mzee Kisiri akaangusha kijiko.

Florian akasimamisha picha.

"Huyo..." alisema.

"Ni Rozalia," Jeska alisema.

"Si tulimzika?"

"Wewe ndiye uliyemzika! Mimi nilikuwepo! Mama alisusa chakula!"

Walimtazama yule mwanamke aliyesimama mlangoni na maji yanamdondoka. Hapakuwa na shaka. Sura ni ile ile, hata kovu dogo kidevuni. Jeska aliona hasira zake zinakosa mahali pa kutua. Amepanda magari mawili kuja kumgombeza mtu mmoja kwa kumfufua marehemu, kumbe wenye tamthilia yao, huko Uturuki, wenye mishahara na kamera na mahoteli, nao wamemfufua!

"Umeona?" Florian alisema, na sauti yake ilikuwa na ushindi kidogo. "Hata wenyewe hawajali."

"Rudisha ile sehemu aliyokufa. Nataka kuona."

Alikuwa nayo. Wakaitazama bila sauti ya Kapteni, Kituruki kitupu. Rozalia anasukumwa kutoka kwenye boti. Maji yanafunga. Kisha makaburini, watu wamevaa nyeusi, jeneza. Lakini mbele ya jeneza, kwenye fremu ya dhahabu, kulikuwa na picha ya mzee mmoja mwenye masharubu.

Jeska alisogeza uso mpaka karibu aguse kioo. "Florian. Huyo ni nani?"

Florian alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Yule jirani. Yule mzee mgonjwa."

"Kwa hiyo ni mazishi ya jirani."

"Inaonekana hivyo."

"Kwa hiyo Rozalia hawakumzika hata siku moja. Alipotea majini tu. Umemzika wewe peke yako, kwa mdomo wako!"

"Sikuiona ile picha," alisema polepole. "Niliona nyeusi, nikaona jeneza. Wiki tatu kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mama yangu, hapo nyuma ya nyumba. Yale maneno ya kuku aliyasemaga mjomba kaburini. Mimi nilikuwa nasema tu, dada. Sikuwa naangalia."

Mbuzi alilia nje. Jeska alitafuta neno kali alilokuwa ameliandaa tangu Makutano, akakuta limeyeyuka, na hilo nalo likamuudhi.

"Sikiliza," alisema. "Mama hatakubali. Kwake aliyezikwa amezikwa. Ukisema huyu ni Rozalia atasema sote wawili ni waongo. Mpe jina jingine. Sema ni mdogo wake, au binamu ametoka safari."

Florian aligeuka akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Dada Jeska. Umekuja na daftari zima kunifundisha nisichanganye watu. Sasa unataka nichanganye?"

"Kwa faida ya mama."

"Na wenye macho? Huyu Rozalia wanamjua kwa sura. Nikimwita binamu, Bunda nzima itasema Kapteni amelewa. Baba yake ameangusha kijiko! Nani anaangusha kijiko kwa sababu ya binamu?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Jeska alisema neno la nyumbani kwake ni zito kuliko vijiko vya Waturuki. Florian alisema yeye alishamdanganya mama huyo mara moja bila kujua, hawezi kumdanganya mara ya pili kwa kujua. Hawakuafikiana. Florian alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea furushi la kitambaa, na daftari alibaki nalo yeye, aliomba mwenyewe. Jeska alirudi Bunda kupitia Kiabakari, kichwa kinamuuma.

Wiki mbili baadaye Benjamini alituma ujumbe kwamba sehemu ya kumi na mbili imefika. Jeska aliiweka mchana, baada ya kula. Majina yalikuwa yamenyooka, kila mtu na lake. Bibi alikuwa ameegemea kiti, kidole kinapiga mkono wa kiti taratibu kama mtu anayehesabu na hesabu inakubali. Ukafika mlango. Mwanamke mrefu akaingia, kijiko kikaanguka.

Kisha ile sauti ikabadilika. Haikuwa ya mtu yeyote wa Damu ya Jirani.

"Wapenzi watazamaji, hapa nasimama kidogo. Huyu aliyeingia ni Rozalia. Hakufa. Yale mazishi yalikuwa ya mtu mwingine, mimi Kapteni ndiye niliyekosea. Na yule wa hospitalini sehemu ya saba alikuwa Pendo. Kuna mama mmoja huko Bunda haoni, ananisikiliza tu. Mama, mkwe wako alikuambia kweli. Nisamehe. Tunaendelea."

Jeska alishika sketi aliyokuwa anaishona. Alimtazama mama mkwe, na kusema kweli, alikuwa anangoja kuombwa radhi.

"Zima," bibi alisema.

Akazima.

"Nani amemwambia kwamba sioni?"

"Mama..."

"Umeenda kunitangaza. Bunda nzima sasa wanajua kuna kipofu. Stendi wanajua, Kabasa wanajua. Kanisani Jumapili nitaingiaje?"

"Kanisani wote wanajua huoni, mama! Mimi ndiye nakushika mkono!"

"Wanajua wao. Sasa wanajua na Waturuki." Alipiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Na kwa nini hukuniambia kwamba hakuzikwa? Mwenye macho ni wewe. Ulikuwa unaangalia nini siku ile?"

Jeska aliweka sketi chini. Hilo hakuwahi kujiuliza. Alikuwepo, ile fremu ya dhahabu ilikuwa pale kwenye kioo, na yeye, kama Bunda yote, alisikia maneno ya kuku akaona Rozalia. "Nilikuwa nalia," alisema hatimaye.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mama."

Bibi aligeuza uso kumwelekea. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi. Hakusema samahani, neno hilo hakuwahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa marehemu mumewe. Aliomba maziwa, akapewa, akanywa, akarudisha kikombe.

Siku tatu runinga haikuwashwa. Magige alidhani imeharibika, akakagua nyaya. Siku ya nne, baada ya chakula, bibi alijikohoza.

"Mama Sara. Wana sizoni ya kwanza bado?"

"Ipo kwenye flashi, mama."

"Weka. Yule mtu mtoe sauti, simtaki. Uniambie wewe."

Jeska alikuwa na sare za darasa zima za kumaliza kabla ya Jumatatu. "Mama, ni sizoni nne. Ni sehemu zaidi ya mia na hamsini. Na mimi Kituruki sijui."

"Yeye alikuwa anajua?"

Jeska alisogeza cherehani pembeni, akachomeka flashi, akazima sauti, akavuta kigoda mpaka karibu na kiti cha kamba. Picha ikatokea: nyumba kubwa, geti, gari jeusi. Mzee akashuka, akasimama, akaanza kufoka mbele ya watumishi waliopanga mstari.

"Nani huyo?"

"Mzee Kisiri. Ana suti ya kijivu. Kipara, masikio makubwa."

"Masikio makubwa!" Bibi alionekana kushangaa sana. "Hilo sikuwahi kuambiwa. Haya, anasema nini?"

Jeska alimtazama yule mzee, mikunjo ya paji lake la uso, mkono unaokata hewa, mdomo usiokoma.

"Anasema amechoka, mama."

"Amechoka na nini?"

"Na watu wa nyumbani kwake," Jeska alisema. "Wote."

"Eee," bibi alisema, akakaa vizuri. "Endelea."